Kisu cha Kukunja Siku ya Kesi ya Mpwa Wangu

Kile kisu kilikuwa kifupi kuliko kidole changu cha kati. Lakini kila nilipofungua mdomo kukitetea, kilizidi kurefuka.

Nilikuwa nimefungiwa kwenye kachumba ka ukaguzi, getini mwa mahakama. Saa ya ukutani ilisema tatu na nusu. Kesi yangu ilikuwa saa nne.

Kesi yenyewe ilimhusu mpwa wangu. Dada yangu alipofariki nilimchukua binti yake, akiwa na miaka minne. Sasa ana saba. Baba yake, yaani shemeji yangu, miaka yote hiyo alikuwa kazini mbali, akija likizo tu, na sasa amerudi anamtaka mwanawe.

Nisipotokea saa nne, hakimu angesikiliza upande mmoja tu.

Mimi ni fundi wa makochi. Kisu cha kukunja nakitia mfukoni kila asubuhi kama mwingine anavyotia funguo. Mpwa wangu alipita ukaguzi kwanza, akaenda kukaa kwenye benchi barazani. Nilipopita mimi, mashine ikalia.

Afande alikuwa mama mmoja mpole. Alikifungua kisu, akakikunja tena.

"Cha nini hiki, kaka?"

Hapo ndipo mdomo ulipoponza kichwa. Nilikuwa nimesoma mtandaoni habari zote za visu vya kukunja, nikajiona wakili.

"Afande, hiki ni halali. Hakifyatuki kwa kitufe, wala hakijikazi kikishafunguka, unakikunja tu. Halafu ni kifupi. Natembea nacho kwa ajili ya kazi, na kujilinda pia. Si unajua mtaani kulivyo?"

Akaniangalia. Akaniingiza kachumbani, akafunga mlango, akavuta kiti.

"Umeanza vizuri, ukaharibu mwishoni," alisema. "Cha kitufe kingekupeleka ndani moja kwa moja. Kinachojikaza kikiwa wazi, tungeulizana sana. Hiki chako, huko mtaani ungesema cha kazi ukapita. Ila ukishasema cha kujilinda, maana yake umejiandaa kumchoma mtu. Hiyo ni silaha. Na umeileta mahakamani."

"Afande, nilikuwa natania."

"Mimi naandika ulichosema. Utani hauna nafasi kwenye fomu."

Asiye na mdhamini, mkubwa wake ndiye wa kumwamulia, na angefika saa tano.

Kachumba kalikuwa na hatua tatu kutoka ukuta hadi ukuta. Dirisha lilikuwa na nondo. Nilimwona mpwa wangu pale benchini akining'iniza miguu, akigeuka kila mtu alipopita. Yeye hakuniona. Niliogopa, sifichi. Shati liliganda mgongoni.

"Yupo mtu humu mahakamani anayekufahamu?" afande aliuliza. "Mtu wa kuthibitisha kazi yako?"

Alikuwepo mmoja tu.

"Hakuna," nikasema.

Saa nne kasoro dakika kumi, mlango uligongwa. Akaingia shemeji.

"Mtoto ameniambia mjomba wake kaingia humu hajatoka."

Nikajua nimekwisha. Ilitosha aseme hanijui, na mtoto angekuwa wake kabla ya saa tano.

Tena alikuwa na sababu. Shemeji ni fundi wa miche, anakata kwa kisu vikonyo, yaani vijitawi vya miti ya matunda, na kuviunganisha kwenye miche mingine. Kwenye maelezo yangu ya kesi nilikuwa nimeandika hivi: huyu bwana hutembea na kisu cha kukunja, hata mbele ya mtoto. Kila neno lilikuwa kweli. Nia ndiyo ilikuwa chafu. Na nakala ya maelezo hayo alipewa.

Alikitazama kisu pale mezani, akanitazama mimi.

"Afande, huyu ni fundi wa makochi. Tangu nimeoa kwao anakata vitambaa kwa visu vya namna hii. Hajawahi kumtishia mtu."

"Na hili la kujilinda?"

"Shemeji yangu mdomo wake hutangulia, kichwa kinafuata nyuma."

Afande akacheka kwa mara ya kwanza. Shemeji akatia sahihi ya kunidhamini, kisu kikabaki getini, nami nikatoka.

Tulitembea ukumbini kuelekea kwa hakimu. Nikashindwa kuvumilia.

"Ulisoma nilichoandika?"

"Nilisoma."

"Sasa kwa nini umenitoa?"

"Mtoto alikuwa analia, shemeji."

Mbele ya hakimu, karatasi yangu ikasomwa. Hakimu akavua miwani.

"Umeandika kwamba huyu bwana hutembea na kisu, hata mbele ya mtoto. Hebu fafanua."

Nilijua jibu la kunipa ushindi. Namhofia, mheshimiwa. Maneno mawili tu. Nilimtazama mpwa wangu. Nilikuwa kama sijatoka kwenye kale kachumba.

"Ni cha kuunganishia miche, mheshimiwa. Sijawahi kukiona kikikata kitu kingine."

Mtoto alikwenda kwa baba yake. Kwangu anakuja Jumamosi. Siku ile nililia chooni pale mahakamani, mtu mzima na ndevu zangu, na sioni haya kusema.

Basi ndugu yangu, kabla hujaenda kwenye jengo la serikali, pekua mifuko. Ukiulizwa kisu chako ni cha nini, taja kazi yake uishie hapo.

Na ukiulizwa kuhusu kisu cha mwenzio, sema tu ulikiona kikikata nini.