Masimulizi ya Raudha Ukingoni mwa Mbwemkuru

Bi Kulthumu wa Matambarale alikuwa na jambo lililowashangaza majirani. Masika yakikatika, Mwalimu Gaudens hukusanya watu kwenda kutazama ndege kwenye madimbwi ya Mto Mbwemkuru, na bibi huyo hakukosa, ilhali mtoto wa jicho alikuwa amemfunika macho yote mawili.

"Unafuata nini huko, bibi?" walimuuliza.

"Nafuata masimulizi."

Masimulizi yalikuwa ya Raudha, mke wa mwanawe. Alimshika mkono, akamkwepesha mashimo na miiba, na wakishakaa ukingoni akamnong'oneza: bata bukini wametua, korongo kasimama kwa mguu mmoja, kipanga anazunguka juu ya mashamba ya ufuta. Kulthumu aliwaona wote kwa sikio.

Kisha, msimu wa korosho ulipoisha, madaktari wa macho walifika wilayani, wakampasua, akaona.

Safari ya mwaka huu alitangulia mbele, kanga kiunoni, hashikwi na mtu. Walipofika, Mwalimu alimvisha yeye darubini kwanza. Bata maji walikuwa wametapakaa dimbwini. Mara wakaruka wote kwa kishindo. Furukombe, yule tai mla samaki, alishuka, akachovya kucha majini, akapanda na samaki anayefurukuta.

Kulthumu aligeuka. Raudha alikuwa ameinama, anaangalia nyasi zilizo mbele ya miguu ya mkwewe.

"Umemwona?"

"Nani, mama?"

"Furukombe."

Raudha alicheka kwa aibu. "Sijamwona. Mimi huwaona nusunusu tu. Nikiangalia juu mara moja, narudi kwenye miguu yako usije ukateleza."

Miaka yote ile hilo halikumjia Kulthumu akilini. Aliivua darubini, akamvisha Raudha.

"Kaa, mwanangu. Miguu yangu leo niachie mwenyewe. Yuko juu ya ule mkuyu uliokauka, kulia kwako. Anamrarua samaki. Kichwa cheupe kama kanzu ya Idi."

Raudha alitazama kwa muda mrefu.

"Kumbe tumbo lake ni la rangi ya udongo mwekundu," alisema. "Nami nilikuwa nakwambia jeusi."

"Jeusi lako lilinitosha," Kulthumu alisema. "Mungu akulipe, Raudha. Uliniletea ndege gizani."

Raudha alijifuta shavu kwa upindo wa mtandio, akarudisha darubini machoni. Wenzao walipoanza kukung'uta nguo ili waondoke, Kulthumu alimwomba Mwalimu awasubiri kidogo, kwa kuwa mwanawe alikuwa bado anatazama.