Neno Lisilokuwamo katika Wimbo wa Mwakio

Iko siku moja ninayoikumbuka, mwanangu, bila kuipenda. Wiki iliyopita mmoja wenu alinisomea kutoka simuni habari ya ndoa ya watu, kisha akaifunga kwa neno "wanasema". Nilimuuliza ni nani wanaosema. Akacheka, akidhani mzee anatafuta majina. Sikutafuta majina. Nilimkumbuka Bwana Mwakio na mkewe, na jinsi kalamu yangu ilivyokaribia kuwanyima mtoto.

Wakati huo nilikuwa mwanafunzi wa chuo, nikiishi Thamesmead, mtaa wa hapa London, ghorofa ya pili. Watu wetu waliniita Mwalimu, ingawa sikuwa nimemfundisha mtu lolote. Sababu ilikuwa barua. Aliyetaka kuiandikia ofisi ya nyumba, au kumwombea mamaye viza, alinijia na karatasi zake na chapati mbili tatu, nami nikamwandikia Kiingereza kilichovaa tai. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na mimi sikuwa mgema wa kipekee.

Ghorofa mbili juu yangu aliishi Bwana Mwakio, Mtaita, dereva wa basi. Mkewe, Bi Wakesho, alikuwa hajatimiza mwaka hapa London, na Kiingereza chake kiliishia kwenye salamu. Wote wawili walikuwa wanamuziki, lakini wa nyumbani; jukwaani hawakupanda. Mume alipiga banjo aliyorithi kwa baba yake, askari aliyerudi nayo kutoka vitani, na mke aliimba naye nyimbo za kale za harusi. Walizirekodi jikoni kwa kaseti, wakawapelekea jamaa zao Voi. Mungu hakuwajalia mtoto. Dada yake Bi Wakesho alikuwa amefariki na kuacha binti wa miaka sita, nao walikuwa wameomba kumleta na kumlea. Maombi yalikuwa yakingoja kibali cha mwisho.

Jumamosi moja Bi Tunu, mama wa Kimalindi aliyekaa ghorofa ya kwanza, aliniingilia bila hata kuvua viatu.

"Mwalimu, shika kalamu. Yule Mtaita anamuua mkewe."

"Umemwona?"

"Nimwone wapi, baba, nami nakaa chini? Kaniambia yule bibi Mzungu anayekaa chini yao. Kila jioni vishindo, na mwanamke anapaza sauti."

"Bibi huyo anajua Kiswahili?"

"Vishindo navyo vina Kiswahili? Lisemwalo lipo, baba, na kama halipo laja. Na mtoto wa watu anakuja kuingia humo humo!"

Swali langu lilikuwa jema, mwanangu. Kosa ni kwamba nililiuliza kwa mtu asiyekuwa na jibu, nikaridhika. Niliketi nikaiandikia ofisi ya ustawi wa jamii. Barua ilipokwisha niliiona imepwaya, haina makali ya kumwamsha afisa. Nikaongeza sentensi moja ya kuinogesha: kwamba mwenye barua amemsikia kwa masikio yake mwanamke huyo akilia kwa Kiswahili, "Usiniue." Neno hilo hakulisema Bi Tunu, wala bibi Mzungu. Nililizaa mimi, mezani pangu, baina ya kikombe cha chai na kamusi. Bi Tunu alitia sahihi asichoweza kukisoma, akaniombea dua, akaondoka.

Siku kumi baadaye nilipigiwa simu na ofisi ya ustawi wa jamii. Walihitaji mkalimani wa Kiswahili, na nilikuwa nimewafanyia kazi hiyo mara kadhaa. Nilikubali kabla ya kuuliza ni kwa nani. Nilipofika mahali nilipoelekezwa, nilijikuta mbele ya mlango wa Mwakio.

Afisa, mwanamke wa makamo asiyeinua sauti, alimwomba Mwakio asubiri jikoni, ili mke aseme bila kumtazama mume. Kisha akaitoa barua, akanipa niitafsiri. Hakuna kiboko, mwanangu, kiumizacho kama kumfasiria uongo wako mtu uliyemsingizia, naye amekwisha kukuwekea chai. Barua ilikuwa imepigwa taipureta, kwa hiyo hakuna aliyenitambua. Nilisoma yote. Nilipofika kwenye "Usiniue" nilisingizia kikohozi kabla ya kulitamka.

Bi Wakesho alisikiliza hadi mwisho. Kisha, badala ya kulia, aliangua kicheko.

"Vishindo? Mwambie mama huyu huo ni mguu wa mume wangu. Mkwe wangu aliacha kanuni: maneno kwanza, nyuzi baadaye. Wimbo mpya tunausema kwa mdomo wiki tatu, na yeye anashika mapigo kwa kiatu, ndipo banjo ishuke ukutani." Akageukia jikoni. "Mume wangu! Njoo na banjo, tumeshitakiwa!"

Mwakio alikuja, amekunja uso kama mtu aliyeitwa kituo cha polisi. Walianza kuimba. Ulikuwa wimbo wa mzaha wa harusini, mume na mke wakitupiana maneno. Mume alilalamika kwamba aliahidiwa ng'ombe ukweni, akakuta jogoo mmoja, naye ana pumu. Mke akapaza sauti, "Nirudishe kwetu leo, kabla ya chakula!" Mume akajibu, "Nenda, na chungu changu ukiache!" Na mguu wake ukatwanga sakafu hata vikombe vikatikisika. Nilifasiri kila ubeti. Afisa alijizuia kadiri alivyoweza, kisha akacheka na yeye.

Lakini alikuwa mtu wa kazi yake. Aliweka kidole juu ya karatasi. "Vishindo nimevielewa. Kelele nimezielewa. Hili 'Usiniue' liko wapi?"

Waliimba tena, polepole. Halikuwamo.

"Bila kulipatia maelezo neno hili, faili halifungwi," alisema. "Na faili likiwa wazi, mtoto haji."

Nilipomfasiria hayo Bi Wakesho, kicheko kilimtoka usoni chote. "Mwalimu, mwambie halimo. Mwambie tena, Mwalimu. Huenda hajasikia vizuri."

Sasa sikiliza jambo ambalo sijawahi kumsimulia mtu. Shetani alinipa njia nyepesi. Ningeweza kusema limo, kwamba liko katika ubeti wa tatu, ni mzaha tu. Afisa asingejua. Mtoto angekuja, na mimi ningeondoka na heshima yangu. Nilikifungua kinywa kwa nia hiyo. Nikamwona Bi Wakesho ananitazama midomo, akingoja niseme kweli yake kwa lugha asiyoweza kuikagua. Nikashindwa.

Nilisema kwa Kiingereza, kisha nikarudia kwa Kiswahili: "Neno hilo nililiandika mimi. Sikulisikia kwa mtu yeyote."

Bi Wakesho ndiye aliyesema kwanza, bila kufoka.

"Ngazi zilikuwa zimevunjika, Mwalimu, hata usipande kutuuliza?"

Mwakio alinisogezea kalamu. "Utaandika nyingine. Hapa hapa, mbele yetu. Na utaandika ulichokiona wewe, basi."

Ilikuwa barua fupi kuliko zote nilizowahi kuandika, na ya kwanza kubeba jina langu. Ofisi ile haikuniita tena kuwa mkalimani, nami sikulalamika. Bi Tunu alinikaripia kwa kumfanya atie sahihi uongo, akapanda mwenyewe kuomba radhi. Miezi minne baadaye binti aliwasili, na wiki hiyo hiyo sauti ya tatu iliingia katika nyimbo za nyumba ile. Leo ni mkunga, tena mwenye watoto. Mwakio na mkewe ni wazee sasa, na bado wanagombana kwa beti. Hili sikuambiwa, niliketi nao Jumapili iliyopita.

Basi mwanangu, sikuusii uzibe masikio. Ukisikia jirani analia, nenda ukabishe hodi. Na ukiona hatari, waite wenye mamlaka upesi, usingoje. Lakini ukisema, sema ulichokisikia wewe, kwa kipimo chake, na pale usipojua tamka wazi kwamba hujui. Methali ya lisemwalo lipo isikuhadae: mara nyingi lipo kwa kuwa mwenye ufasaha amelitengenezea miguu. Elimu uliyopewa ni amana kwa wasioweza kusoma wanachokitilia sahihi. Na ukikosea, ukiri mapema, kabla kosa la pili halijaja kulificha la kwanza.

Mola akupe kinywa chenye subira na moyo usioogopa aibu ya kweli. Akujalie nyumba ambayo wapitao nje wakisikia kelele, iwe kelele ya furaha. Na watu wasio na lugha ya kukukagua, wakuamini, nawe usiwaangushe. Amina.