Kitufe Chekundu cha Arlys Haugstad

Arlys Haugstad alikaa katika baraza la jimbo miaka ishirini na nne, na muda wote huo alikuwa na muswada mmoja tu wa kumnyima usingizi. Alipeleka mingine, ya magugu, ya nyuki, ya nyaya za mipaka ya malisho, nayo ilipita bila mtu kuinua macho kutoka kwenye kahawa yake. Huu mmoja ulisema jambo ambalo hata mtoto angelielewa: kila wilaya iwe na gari la wagonjwa, na jimbo ligharamie dereva na wahudumu wake, kama linavyogharamia barabara. Basi. Ukurasa mmoja na nusu. Na kila kikao ulipigwa danadana.

Kikao cha kwanza aliambiwa bado mgeni, atulie. Baadaye ukapelekwa kwenye kamati ndogo, na kutoka huko kwenye kamati ndogo zaidi. Mwaka mmoja waliletwa watafiti mpaka Harsted, wilayani kwake Arlys, wakala pai ya tufaha kwa wenyeji, wakarudi mjini na kuandika kwamba Harsted iko mbali. Jamani! Watu ambao hospitali yao iko maili sitini kutoka kwenye mashamba yao ya ngano walihitaji mtafiti awaambie hivyo? Arlys aliisoma ripoti ile mezani kwake, akaitia kwenye droo, akajaza fomu ya kuuwasilisha muswada upya.

Wakati huo gari la wagonjwa la Harsted lilikuwa likiendeshwa na Delbert Krumm, kwa kujitolea. Alikuwa na miaka sabini na minne, nyonga zote mbili za bandia, na hakuwahi kulipwa hata siku moja kwa miaka thelathini ya kuitwa kwa wagonjwa na kile kiredio cha mkandani. Ni yeye pia aliyepigilia bango la Arlys uani kwake kila uchaguzi. Mwaka wa kura hii, mwezi wa kwanza, alimwendea Arlys na kumwambia kwamba wa kujitolea wamebaki watatu, wote wastaafu, na mmoja haoni vizuri gizani. Wangevumilia mpaka kura ipigwe. Muswada ukipita, jimbo litaleta watu. Ukianguka, wanaliegesha gari na hawaligusi tena.

Kura ikaja siku ya Alhamisi, mwezi wa tatu, theluji ikiwa bado imelala kwenye ngazi za baraza. Wajumbe sabini, na zilihitajika kura thelathini na sita. Arlys alikuwa amewazungukia mmoja mmoja tangu Jumatatu, na alijua anazo, kwa kubanana hivyohivyo.

Sasa, wakongwe wa baraza wana ujanja wao ambao mtu wa nje haelewi hata umchoree. Muswada ukianguka, anayeruhusiwa kuomba upigiwe kura tena kesho yake ni yule tu aliyekuwa upande ulioshinda. Kwa hiyo mwenye muswada akiona mambo yameharibika, hubadili kura yake dakika ya mwisho na kujipinga mwenyewe, ili apate haki ya kuurudisha. Arlys alikuwa akiwafundisha wageni ujanja huo miaka nenda miaka rudi. Aliwaambia wahesabu taa za ubaoni, wasisikilize moyo.

Akahesabu. Kijani, za kukubali, thelathini na tatu, ya kwake ikiwamo. Nyekundu thelathini na nne. Majina matatu hayakuwa na taa, na viti vya watu hao vilikuwa vitupu. Watatu hao walikuwa wake, walimwahidi kwa kumpa mkono, na sasa hawaonekani! Damu ilimpanda kichwani. Spika alikwisha kuuliza kama kila mtu amepiga kura. Arlys akabonyeza kitufe chekundu.

Mlango wa nyuma ukafunguka. Wale watatu waliingia wakihema, mmoja na sambusa ya nyama imemjaa mdomoni, wakabonyeza kijani, kijani, kijani. Spika akafunga ubao. Arlys alikuwa ameshikilia kitufe chake cha kijani kwa kidole gumba mpaka kucha ikawa nyeupe, lakini kilikuwa kimekufa. Thelathini na tano kwa thelathini na tano. Ilipungua kura moja, na hiyo moja ilikuwa ya kwake.

Kesho yake aliitumia ile haki aliyoinunua kwa bei mbaya namna hiyo. Alisimama, akaomba kura irudiwe. Lakini usiku huo viongozi wa chama, ambao hawakuutaka muswada, walikuwa wamewapitia watu wake vyumbani mwao, na ubao ukaonyesha kijani thelathini na moja tu. Hiyo ilikuwa siku ya mwisho ya miswada. Basi, imekwisha.

Jumamosi asubuhi, kama kila Jumamosi ya kikao, ilimbidi asimame katika ukumbi ulio chini ya kanisa la Harsted kuulizwa maswali, kukiwa na kahawa na mikate ya mdalasini. Delbert alikaa mstari wa mbele. Alikuwa na karatasi ya baraza mkononi, inayoonyesha kila mjumbe alivyopiga kura.

“Mheshimiwa,” akasema, naye hakuwahi kumwita hivyo ila kwa utani. Leo hakutania. “Hapa wameandika umepiga hapana. Ni makosa ya karani?”

Arlys akaanza kueleza. Akaeleza kanuni, upande ulioshinda, haki ya kurudisha, wale watatu na mlango. Alijisikia mwenyewe akizungumza kama ile ripoti ya watafiti. Watu walimtazama kwa adabu. Mama mmoja alikuwa akigawa mikate.

“Dada Arlys, hesabu zote hizo achana nazo,” Delbert akasema taratibu. “Usingekigusa kile chekundu, tungekuwa na gari?”

“Tungekuwa nalo,” akasema Arlys.

Delbert akatikisa kichwa kukubali. Akakichomoa kiredio mkandani, akakizima, akakiweka mezani karibu na birika la kahawa. Mwendesha mkutano akauliza nani ana swali jingine. Akamgeukia Arlys, akamwambia bado ana dakika tano za kujieleza kama anazitaka, na Arlys akasema hazitaki.