Mtoto wa Jicho Hajakomaa

Siku hizi nasikia vizuri kuliko ninavyoona, na hilo limenifanya niwe mtu mgumu kukaa naye. Juzi binti yangu, ambaye ndiye anayenitunza, alikuwa uani akiongea kwa simu. Hakujua kwamba nilikwisha kusogeza kiti changu karibu na dirisha. Nikamsikia akisema, "Mzee akishaondoka ndipo mafundi waingie. Akiwapo hatakubali."

Nikarudisha kiti mahali pake. Jioni akaniletea uji, akaniambia kwa upole uliozidi kawaida yake kwamba Jumatatu atanipeleka Korogwe macho yangu yakaangaliwe.

"Ni kwenda na kurudi tu, baba."

Kila mzee ana kitu anachokiogopa. Mmoja ninayeswali naye anaogopa kuanguka, kwa hiyo anaswali ameketi, ingawa miguu yake ni mizima kuliko yangu. Mwingine, mfugaji wa zamani ambaye wanawe wamemjengea nyumba ya tofali, hawezi kulala mlango ukiwa umefungwa. Mimi naogopa kutoka nyumbani, nikirudi nisiikute. Hofu hii sikuzaliwa nayo. Niliiona kwa mama yangu, na aliyemtia mama hofu hiyo ni mimi.

Mama alikaa juu ya kilima, mbali kidogo na Misima, kwenye nyumba ya udongo aliyoachiwa na baba, na makaburi ya watu wetu yalikuwa nyuma ya nyumba hiyo. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, na wakati ule kijana wa kidato cha nne hakuachwa akae bure. Nikafanywa katibu wa kijiji kipya cha ujamaa kilichokuwa kinapimwa kando ya barabara. Kazi yangu ilikuwa kuwaambia watu wahame vilimani. Niliiamini kazi ile. Shule ingekuwa karibu, zahanati ingekuwa karibu, na hata leo sisemi kwamba yote yalikuwa uongo.

Watu walinisikiliza mpaka mwisho. Kisha mzee mmoja aliyependa kukaa nyuma akauliza, "Katibu, na mama yako anahamia lini?"

Wakacheka. Mkutano uliofuata akauliza tena, na safari hii walianza kucheka kabla hajafungua kinywa.

Nilimwendea mama. Macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu mweupe. "Nihamie wapi na macho haya?" akaniambia. "Hapa mkono wangu unajua kila kitu. Huko nitakuwa mgeni hata wa choo changu mwenyewe."

Alinieleza hofu yake kwa maneno mepesi kabisa. Mimi nikaiona kuwa ni ukaidi.

Basi nikamwambia tutakwenda Korogwe kwa tabibu wa macho, na hilo lilikuwa kweli. Akauliza, "Na nyumba je, nitai..."

"Utaikuta, mama," nikajibu upesi, kabla hajamaliza kuuliza.

Korogwe tulifikia kwa shangazi, karibu na reli. Tabibu alimtazama mama kwa taa yake, akasema, "Ni mtoto wa jicho. Lakini hajakomaa. Akikomaa mrudisheni, tutamtoa, naye ataona."

Mama akanielekeza kidole. "Huyu wa jicho hajakomaa, na huyu wa tumbo naye vilevile."

Wauguzi walicheka, na mimi nikacheka. Hiyo ndiyo mara ya mwisho mama kunitania.

Kazi ya tabibu ilikwisha, lakini mimi sikutaka turudi mapema. Kila asubuhi nilimwambia basi limeharibika. Mama akamgeukia shangazi. "Wifi, ni basi gani hili? Linaharibika kila siku, na honi yake naisikia."

Shangazi akajifanya anachochea moto.

Huko nyuma mke wangu na vijana wa kijiji walikuwa wanahamisha vitu vya mama kutoka kilimani kwenda kwenye nyumba mpya ya udongo niliyomjengea nyuma ya yangu. Nilikuwa nimewaagiza wapange kila kitu kama kilivyokuwa: mlango uelekee macheo, mtungi uwe kushoto unapoingia, kitanda kiwe kwenye ukuta ule ule. "Na mafiga," nikawasisitizia, "yang'oeni mje nayo, yale yale matatu." Nilijiona nina huruma na akili kwa pamoja.

Siku ya kurudi tulishuka barabarani giza likiingia, saa ambayo macho yake yaliona vivuli tu. Kijiji kipya kilikuwa hapo hapo mbele yetu, lakini mama alizoea kutembea mwendo mrefu kufika kwake. Nikashika ncha ya fimbo yake, nikamzungusha kwenye mashamba ya muhogo, kupanda na kushuka, ili achoke kama kawaida. Alinifuata. Kisha akasema, "Muhogo huu tumeshaupita."

"Ni shamba jingine, mama."

Akanyosha mkono, akawa anapapasa majani njia nzima.

Tulipofika, mke wangu alikuwa amesimama kando ya nyumba na hakutaka kunitazama. Mama akapapasa mwimo wa mlango. Akapapasa mtungi, akaukuta. Akapapasa kitanda. Nikaanza kuamini kwamba nimefaulu. Akachuchumaa mekoni, akagusa mafiga moja baada ya jingine, akafika kwenye lile lenye ubapa ambao alizoea kunolea kisu, na mkono ukatulia hapo. Kisha akaushusha chini kwenye sakafu, akachota udongo kidogo, akausugua kwa vidole. Kilimani udongo wetu ulikuwa mwekundu na wenye kushikana. Huu ulikuwa mchanga.

"Mafiga ni yangu," akasema. "Chini si kwangu."

Akatugeuzia uso.

"Nani kayang'oa? Kwetu mafiga ya mwanamke hung'olewa akishazikwa. Mmenizika lini, mbona mimi sikualikwa?"

Nililijua hilo. Nilikuwa nimeona mafiga ya bibi yakitolewa mekoni baada ya matanga yake. Ila nilidhani mambo hayo yaliishia pale shule ilipoanzia, na nikayachukua mawe yale kama vyombo vingine, ili yanisaidie kudanganya.

Watu wa vilimani walihama kwa kuona mama wa katibu amehama, na mimi nikasifiwa. Nyumbani kwangu mambo yakawa mengine. Likipita lori barabarani, mama alishika mwimo wa mlango kwa mikono miwili mpaka mngurumo uishe. Akienda chooni alifunga pindo la kanga mlangoni na kushika pindo la pili, na kanga ilipokuwa fupi aliunga nyingine. Nikimwambia kumekucha, alitoka nje kwanza, akaliinulia jua uso, ndipo akakubali. Chakula nilichompelekea mimi hakukigusa kabla sijatia tonge kinywani. "Anza wewe," alikuwa akisema, bila hasira, kama mtu anayeuliza hali. Majirani walisikia, na yule mzee wa nyuma akapata swali jipya: "Katibu, leo umekwisha kuonja?"

Ukungu ulipofunika macho yote mawili nilimwambia, "Mama, mtoto amekomaa. Twende Korogwe akatolewe."

"Nikirudi nitaikuta wapi nyumba?"

"Hapa hapa. Naapa kwa Mungu."

"Usimpandishe Mungu kwenye basi lako."

Hakupanda gari tena maisha yake yote. Alikufa kipofu, kwa ugonjwa wa macho ambao tabibu alikwisha kusema unatibika. Alipokufa sikuyang'oa mafiga yake, maana nilikwisha kuyang'oa. Yapo mpaka leo pale pale, katika nyumba yake ile iliyogeuka jiko la nje, nyuma ya nyumba hii.

Jumatatu gari lilipokuja nilikuwa nimeketi kwenye kizingiti.

"Baba, dereva anasubiri."

"Mafundi wanakuja kufanya nini?"

Akacheka kidogo kwa aibu. "Kumbe ulisikia. Ni jiko la nje, baba. Tunataka kulivunja tujenge jingine zuri. Tulijua ukiwapo utakuja kukaa mlangoni, kama hivi."

"Na mafiga?"

"Mawe yale? Nani anayapikia siku hizi?"

Nikamweleza ni ya nani na yamefikaje hapo. Dereva alipiga honi, sikuacha kusema. Nilipokwisha nikamwambia, "Vunjeni jiko lote, lakini mafiga ya bibi yako msiya..."

"Sawa, baba, hatutayagusa," akajibu upesi.

Nilimtazama. Niliona moshi wenye umbo la mtu, basi. Huenda alisema kweli. Ni mtoto mwema, na huenda haraka yake ilikuwa ya honi tu. Hata mimi watu walisema ni mtoto mwema.

Nikamwomba anipitishe jikoni kwanza. Nikachuchumaa kwa shida, nikagusa mafiga, nikalitafuta lile lenye ubapa, kisha nikaweka kiganja chini kwenye udongo, nikakiacha hapo mpaka mkono ulipoujua vizuri. Halafu nikampa binti yangu mkono ule ule anipeleke kwenye gari.