Pepo Wangu Hapendi Kukimbia

Mguu wa mama tuliuzika kabla ya mama mwenyewe. Sukari iliuanzia kidoleni, ikapanda, na hospitali walipoukata chini ya goti walitukabidhi, nasi tukauviringishia kitambaa cheupe na kuuchimbia shimo lake makaburini. Mwenyewe aliufuata kabla mwaka haujageuka. Kwa hiyo muuguzi wa kliniki aliponiambia kwamba sukari yangu nami imefika mpakani, maneno yake mengine sikuyasikia. Nilikuwa nautazama mguu wangu wa kulia ndani ya kandambili.

Dawa aliyonipa ilikuwa mazoezi. "Unakaa mno, mama," alisema, na hakukosea. Mimi ni fundi cherehani, na tangu ninunue ile ya umeme hata kazi ya kukanyaga imeniondoka miguuni. Nikajiunga na kikundi cha kina mama hapa Bagamoyo, wale wanaokimbia mchakamchaka kila Jumamosi baada ya swala ya alfajiri, fulana za zambarau, suruali chini ya dera, ushungi umebanwa kwa pini, wakiimba nyimbo za kuwasema waume waliobaki vitandani. Mwenyekiti wetu alikuwa askari magereza kabla ya kustaafu. Filimbi haimtoki shingoni, na kwake yeye mtu anayetembea badala ya kukimbia ni mtoro.

Jumamosi ya kwanza nilichoka kama watu wengine. Ya pili ndipo jambo lenyewe liliponipata. Tulikuwa kwenye barabara ya Kaole, jua halijapata nguvu, mimi katikati ya kundi naitikia wimbo. Moyo ukaanza kwenda mbio. Kwa mtu anayekimbia, hilo si ajabu. Ila safari hii niliusikia, na nilipousikia ukazidi. Vidole vikafa ganzi. Sauti za wenzangu zikawa zinakuja kwa mbali, kama redio ya jirani, na hapo nikajua kwamba ninakufa. Sikuwaza kwamba huenda ninakufa. Nilijua, kama ninavyojua jina langu. Mwili wote ulinitaka nikimbie, na tayari nilikuwa nakimbia.

Nikakaa chini kwenye mchanga wa ukingoni. Baada ya muda likapita, nikabaki nimelowa jasho la baridi. Nikawaambia wenzangu tumbo limenivuruga. Tumbo lina heshima yake; hakuna anayekuuliza zaidi.

Lakini kuanzia siku ile nikawa mtu wa kuusikiliza moyo. Niko kwenye cherehani, vidole viwili viko shingoni vinatafuta mapigo. Nilimshonea mteja mmoja gauni la harusi, mkono wa kushoto nikauweka nje ndani, na sikuona mpaka alipolivaa. Nikaacha pilipili, maana huuchangamsha moyo. Nikaacha kukimbilia gari hata likiwa la mwisho. Nilifika mahali pa kuogopa kucheka sana. Katika swala, nikiinuka kutoka kwenye sijda na damu ikishuka kichwani, nilikuwa nashika ukuta. Mwanamke mzima, naogopa kuinuka!

Mume wangu akanipeleka hospitali. Wakanibandika nyaya kifuani, mashine ikatoa karatasi ndefu, daktari kijana akaisoma huku anatabasamu.

"Shikamoo mama. Moyo wako mzima kabisa. Wala usiache mazoezi. Huu ni wasiwasi tu."

Nilimwitikia marahaba, lakini ile "tu" yake sijaisamehe mpaka leo. Wasiwasi ninaoujua mimi ni wa mtu anayerudia udhu kwa kudhani hakuosha kisigino. Ni wa mtu aliyefika sokoni akajiuliza kama jiko amelizima. Kitu kinachoniangusha barabarani na kunionyesha kaburi langu, nacho kinaitwa hivyo hivyo? Njiani mume wangu alinitania, "Usijali, wasiwasi ndiyo akili." Nikamjibu kwamba kama ndiyo akili, basi mimi ningefundisha chuo kikuu. Akacheka peke yake.

Nikarudi kwenye kikundi kwa sababu mguu wa mama ulinirudisha. Usiku nilikuwa nikiupapasa wangu kidole kwa kidole kuona kama bado una hisia. Nikiacha kukimbia, sukari itanifuata. Nikikimbia, moyo utanimaliza. Daktari alisema nivute pumzi polepole, lakini mtu wa kuvuta pumzi polepole nyuma ya askari magereza mwenye filimbi mimi sijamwona. Nilimwomba mwenyekiti niwe natembea nyuma ya kundi. Akaniambia, "Dada, hapa hatusindikizi maharusi."

Likanirudia mahali karibu na pale pale, na safari hii nilianguka. Nilikuwa natetemeka, meno yanagongana, pumzi zinaingia fupi fupi bila kutoka. Nikasikia mtu anapiga kelele: "Amepandisha! Jamani, amepandisha!"

Asiyekulia pwani nimweleze: maana yake pepo amenipanda kichwani. Kabla sijasema neno, kanga ikatupwa juu yangu, ikanifunika uso na kifua. Anayefahamu mambo hayo katika kikundi chetu ni mama mmoja muuza vitumbua, mnene, mkubwa kwangu kwa miaka mingi, mwenye sauti ya kuita watu toka mtaa wa pili. Yeye ndiye aliyepiga magoti kichwani kwangu. Mwingine alikimbilia nyumba ya jirani kuomba kaa la moto na ubani.

Sijawahi kuogopa kama nilivyoogopa chini ya ile kanga. Uso umefunikwa, ubani unafuka, wanawake wamekaa kunizunguka wanasoma kwa sauti ya chini. Hivyo ndivyo tulivyokaa na mama kabla hajatolewa kwenda kuzikwa. Nikasema moyoni, basi, nimekwisha kufa, hawa wanamngojea mwosha maiti.

"Karibu, bwana mkubwa," alisema muuza vitumbua, kwa adabu kuliko anavyowasemesha wateja wake. "Karibu kwa salama. Jitaje basi, tukujue."

"Sina pepo!" nikasema. "Ni mimi!"

"Wote huanza hivyo," akawaambia wenzake. "Yupo mmoja Magomeni alikana mpaka adhuhuri." Kisha akanigeukia tena. "Hatukufukuzi, bwana. Tunataka kujua tu. Unataka nini? Marashi? Halua? Unataka nini kwa kiti chako?"

Kiti ndiye mimi, yule anayekaliwa. Nilitaka kumtukana. Lakini swali lile likaniingia mahali ambapo hakuna aliyewahi kugusa. Muuguzi aliniambia la kufanya, daktari akaniambia nilicho nacho, mume wangu akanitania. Kuniuliza, hakuna aliyeniuliza. Mdomo ukafunguka, na sauti iliyotoka ilikuwa kavu, nzito, hata mimi sikuijua.

"Naogopa."

Nikasikia bismillahi kutoka pande zote.

"Unaogopa nini, mgeni wetu?"

"Naogopa kufa hapa barabarani. Na nikiacha kuja hapa, naogopa kukatwa mguu kama mama."

Pikipiki ikapita. Nilikuwa nalia chini ya kanga, na pumzi, sijui kwa nini, zikaanza kutoka.

"Basi tukupe nini?" akauliza, safari hii taratibu.

"Twende polepole. Tutembee. Na nisiachwe nyuma peke yangu."

Jumamosi iliyofuata mwenyekiti alipuliza filimbi ya kukimbia, akakohoa, akasema kwamba wale wanaomsindikiza mgeni watatembea. Mimi niliyemwomba kwa mdomo wangu alininyima. Ruhani, yaani huyo pepo wangu, alipoomba, akapewa bila swali. Nusu ya kikundi wakabaki nyuma kumsindikiza, wakiwamo wawili ambao sijawahi kuwaona wakichoka. Nyumbani mume wangu aliniuliza, macho yamemtoka, kama ni kweli nina ruhani. Nikamuuliza yeye alidhani anaishi na nani siku zote hizi. Kwa muda wa wiki nzima alikuwa akinipisha mlangoni.

Nisidanganye kwamba hofu iliondoka. Ilikuwa inakuja, hasa penye mwinuko, ikitanguliwa na ganzi ya vidole. Muuza vitumbua alikuwa akitembea ubavuni kwangu, ananishika mkono, na akiniona nimenyamaza huniuliza, "Yupo?" Namjibu, "Yupo." Anasema, "Haya, twende naye." Yeye alikuwa akisema ya pepo, mimi nasema ya hofu yangu, na hatukuwahi kulumbana. Tulikuwa tunafika.

Kisha likaja bonanza la Kerege. Vikundi vya mazoezi vinakutana kule, kutoka huku kwetu mpaka Bunju, vinakimbia kwa pamoja kwenye lami kuelekea Mapinga. Kulikuwa na tarumbeta, fulana za kila rangi, malori yakipiga honi, na joto lililoamka mapema kuliko sisi. Tulipoanza tu nilijua nimefanya kosa. Watu walinisukuma pande zote, nami sikuona pa kukaa kama nikianguka. Kundi likatuacha, wasindikizaji wangu wengine wakasombwa nalo, tukabaki wawili nyuma kabisa, mimi na muuza vitumbua, na nyuma yetu pikapu inayobeba maji na kuokota walioshindwa.

Likaja kubwa kuliko yote. Sikuwa naiona barabara. Moyo ulikuwa unapiga masikioni, kooni, mpaka kwenye fizi. Pikapu ikapunguza mwendo, ikawa sambamba nasi.

"Mama, panda," alisema dereva. "Utaanguka."

Nikaushika ubao wa nyuma kwa mkono wangu wa kulia. Nilijua vizuri maana yake. Nikipanda leo, Jumamosi ijayo sitakuja, wala ile ya pili yake. Nitakaa kwenye cherehani yangu nikiungoja mguu. Nilijua, na bado nilitaka kupanda kwa roho yangu yote.

"Anasemaje?" akaniuliza muuza vitumbua. Hakuwahi kuniuliza hivyo kabla.

"Anasema nakufa. Sasa hivi."

"Na wangu anasema hivyo."

Nikamgeukia. Uso wake ulikuwa wa kijivu, midomo imemkauka.

"Wako?"

"Tangu nilipomzika mume wangu," akasema, akikata maneno kwa ajili ya pumzi. "Nikichota maji, yupo. Nikipanda ngazi, yupo. Nilidhani ni ruhani, nikamchezea ngoma, nikamlisha halua ya watu wazima kumi, hakwenda popote. Siku ile uko chini ya kanga, ukaanza kumtaja, nikasema Mungu wangu, kumbe ni huyu huyu."

"Na hukuniambia!"

"Ningekwambia, nani angekushika?" Akapangusa jasho kwa ncha ya ushungi. "Miaka yote hii, mwanangu, kila siku ananiambia nakufa sasa hivi. Siku ya mtu aijuaye ni Mungu peke yake. Huyu hajui kitu. Anabahatisha tu."

Ile "tu" yake ilinifanya nitake kucheka, na nilikuwa bado naogopa mno kucheka. Ndipo nilipoutazama mkono wake ndani ya wangu. Ulikuwa wa baridi, umelowa, na vidole vinatetemeka vibaya kuliko vyangu. Jumamosi zote zile nilidhani yeye ndiye anayenishika mimi.

Moyo ulikuwa unapiga vilevile, wala barabara haikuwa imefupika. Nikauachia ubao wa pikapu, nikamwambia dereva apite.