Magunia Mawili Yaliyolowa

Kilichoninyima usingizi ni swali moja: nilisubiri koo, au sikusubiri?

Mchana wa siku ile magunia mawili ya magome yalifika kibandani kwa shangazi, Kariakoo, yamenyeshewa tangu Jangwani. Karatasi zenye majina zilikuwa zimelowa na wino wote umefutika. Moja lilikuwa gome la mzambarau, la kuchemsha na kunywa. Lingine lilikuwa la kuogea tu. Ukilinywa linachoma tumbo. Yakishakatwakatwa huwezi kuyatofautisha kwa macho. Shangazi huyatofautisha kwa kutafuna: unatema, unasubiri, na lile la kuogea huanza kuwasha koo baadaye kidogo. Lakini ilikuwa Ramadhani, naye hakutaka hata ladha ipite ulimini. Mimi siku zile sikuwa nafunga. Akaniambia nionje.

Nikatafuna la kwanza, nikatema, nikatafuna la pili papo hapo. Ulimi ulikuwa umekauka, hausikii kitu. Nikaonyesha gunia la kushoto, nikasema hili ndilo mzambarau. Shangazi hakuuliza mara ya pili. Huwa anawaambia majirani wa kibanda kwamba mtoto wa kaka yake ana digrii.

Hadi asubuhi sikuwa na hofu hasa. Nilikuwa nafikiria tu. Labda nimepatia. Labda nikisema, ataona digrii yenyewe haijui hata kutafuna. Nikapanga kumwambia kabla hatujafungua. Tukafungua. Nikapanga kumwambia nikimaliza kufagia. Nikafagia mara mbili.

Saa nne akaja mzee wa Ilala anayenunua mzambarau kila Alhamisi. Nikamwamkia, akaitikia, akanitania kwamba msomi nimekonda kuliko waliofunga. Shangazi akachota kwenye gunia la kushoto, akafunga kwa gazeti, akampa.

"Shangazi, asilichukue," nikasema. "Jana sikusubiri koo."

Wateja wawili wa kibanda cha pili waligeuka. Shangazi alinitazama.

"Una uhakika hukusubiri?"

"Sina uhakika hata na hilo."

"Kumbe tumbo langu lilikuwa linafanyiwa utafiti," mzee akasema, lakini hakucheka.

Nikachukua kile kifurushi mkononi mwake, nikakifungua, nikayarudisha magome ndani ya gunia. Kisha nikayafunga magunia yote mawili, nikayaburuta nyuma ya kibanda.