Kigoda cha Miguu Miwili

Kama umewahi kununua vitambaa vya makochi pale Mlandege, Iringa, vimedariziwa maua mazuri, halafu pembeni ukakuta kigoda cha miguu miwili, ujue umenunua kwa Minza. Na kama ulirudi kulalamika, hukuwa wa kwanza.

"Minza, hicho kigoda chako kitamwangusha mtu," wateja walimtania. Naye alicheka, akachukua sindano, akafumua. Kitu chenyewe kilikuwa mstari uliopinda juu na vijiti viwili chini, basi. Hakuwahi kupanga kukidarizi. Akikaa na akili zake zote, akihesabu nyuzi, yalitoka maua matupu. Lakini mvua ikipiga bati, maharage yakichemka jikoni, akili ikapotea kidogo, mkono ulikwenda wenyewe, na akija kushtuka kigoda hiki hapa! Mama Leokadia, aliyemlea, alikuwa akisema, "Mwenzetu una mkono unaoota ndoto."

Tusidanganyane, Minza alikuwa na lake rohoni. Alikuwa na miaka mitano alipofika hospitali Iringa kutoka Usangu, yeye na mama yake mzazi, mgonjwa. Mama alifariki siku ya nne. Leokadia, Mhehe wa Kilolo, alikuwa amelazwa kitanda cha jirani. Akamchukua yule mtoto aliyeongea Kisukuma kitupu na kujua jina lake tu. Wakasubiri. Mwezi ukaisha, hakuja mtu. Mume wa Leokadia akapata kazi kiwanda cha karatasi Mgololo, wakahama naye; Iringa mjini walirudi baadaye sana.

Sasa ni miaka thelathini na tano. Kisukuma kilimtoka chote, na sura ya mama ikamtoka. Ila akisikia harufu ya moshi wa mavi ya ng'ombe alitamani kulia, asijue analilia nini. Alilelewa vizuri, hakulala njaa hata siku moja, lakini swali moja lilimuuma vibaya sana: walinitafuta, au walinisahau?

Mwaka jana, mwezi wa Juni, baridi ikiwa imeshika kwelikweli, alikuwa anamaliza seti ya vitambaa vya harusi. Kigoda kikatoka. Mteja alishafika mlangoni, gari linapiga honi, vidole vimeganda. "Ah, potelea mbali," akasema, akavikunja hivyohivyo. Vikaenda Ubaruku, huko Usangu.

Wiki tatu hazijaisha, mchana, akaja mwanaume mrefu mwenye fimbo, kitambaa kwapani. Hata salamu hakutoa.

"Wewe ndiye uliyedarizi hiki?"

"Ndiyo, kaka. Kuna tatizo?"

"Tena kubwa! Hii ni chapa ya ng'ombe wa baba yangu. Iko kwenye paja la kila ng'ombe wetu. Tumeibiwa kumi na wawili, hatujui walikokwenda, leo naikuta chapa yetu imekalia kochi la watu! Nani kakupa?"

Minza aliweka sindano chini. "Hakuna aliyenipa. Inakuja yenyewe."

"Inakuja yenyewe!" Yule bwana alicheka kwa hasira. "Dada, usinifanye mtoto. Jina lako nani?"

"Minza."

Bwana akashusha fimbo. Akamtazama usoni, akatazama na mikono. "Minza wa nani?"

"Sijui wa nani. Mama alinifia hapa hospitali, nikiwa mdogo. Tulitoka Usangu."

Mama Leokadia akatokea na kanga yake begani. "Kamwene, mgeni. Jamani Minza, mbona humpi hata kiti?"

Mgeni hakungoja kiti, alikaa pale pale kizingitini. "Mimi naitwa Nashoni," akasema. "Baba alipomaliza kupiga chapa, chuma kikishapoa, alikuwa anampa mdogo wangu achezee. Anashinda anakibandika kwenye matope. Zizi zima chapa zake, na mama anamfokea kwa ajili ya gauni. Huyo mdogo wangu aliitwa Minza."

Minza aliutazama mkono wake wa kulia. Miaka yote hiyo yeye alifumua, mkono ukashona tena, akafumua tena, hadi leo.

"Mlinitafuta?" Lilimtoka hivyo tu.

"Mito ilifurika, baba akakwama ng'ambo na ng'ombe. Alipofika hospitali akaambiwa mtoto kachukuliwa na mwanamke wa Kilolo. Akaizunguka Kilolo yote kwa miguu, kijiji kwa kijiji, miezi mitatu."

"Na sisi tulikuwa Mgololo," alisema Mama Leokadia. Akajifunika uso kwa kanga, akalia kwa sauti.

"Baba yupo?" Minza aliuliza.

Nashoni alitikisa kichwa. "Tulimzika miaka minne iliyopita."

Maharage yaliungua jikoni, hakuna aliyeinuka.

"Lakini kuna jambo," Nashoni akasema, na safari hii alikaribia kutabasamu. "Aliporudi kutoka Kilolo mikono mitupu, kulikuwa na mtamba mweupe. Akampa jina lako. Alipozeeka yule ng'ombe, jina akampa bintiye, kisha binti wa bintiye. Sasa yupo Minza wa sita. Mzee alikuwa anasimama mlangoni pa zizi kila jioni, anaita, 'Minza! Minza! Njoo nyumbani!' Ng'ombe ameshaingia kitambo, yuko mbele yake, na mzee bado anaita."

Minza alicheka, kicheko kikageuka kilio, akalia mpaka majirani wakaja kuuliza kuna nini. Alipotulia alichukua kile kitambaa, akakitandika magotini, akakinyoosha kwa kiganja.

"Kaka Nashoni," akasema, "huyo wa sita anakamuliwa saa ngapi?"